Mwaka mzima nimempelekea dada asumini za kununua

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 41 na ninaishi Goba. Nimeisoma safu hii kwa miaka mingi bila kudhani kwamba iko siku nitaiandikia, tena kwa sababu ya mti wa maua. Tafadhali usinicheke.

Marehemu mama yetu aliishi Magomeni katika nyumba ya familia, na uani, karibu na bomba la maji, palikuwa na mwasumini. Aliupanda mwaka 1983 kwa tawi alilopewa na jirani yake aliyetoka Pangani. Asumini zake zilikuwa zile nyembamba, zenye mzunguko mmoja tu wa petali, na harufu yake usiku ilikuwa ikifika hadi barabarani. Kila Alhamisi alasiri mama alichuma vitumba kabla havijafunguka, akavitia kwenye ungo, kisha yeye na dada yangu wakakaa kibarazani kutunga. Dada alikuwa na mkono wa kutunga. Mimi nilikuwa wa kutumwa mrehani. Mabibi harusi wengi wa mtaa ule walivaa vikuba na makoja yaliyotoka mikononi mwa wawili hao.

Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Baada ya arobaini, na baada ya mambo ya mirathi kukamilika, tulikubaliana kwamba kaka yetu ajenge vyumba vya kupangisha upande wa uani. Siku mafundi walipopiga mistari ya chokaa niliona kwamba msingi unapita palepale penye mwasumini. Sikumpigia dada simu. Niliwapa vijana wawili fedha, wakauchimbua kwa sururu na chepe kwa muda usiozidi nusu saa, tukauviringisha kwenye gunia na kuupakia kwenye kirikuu hadi Goba. Dada alipopata habari alisema neno moja tu: "Ungeniambia." Sijui kama alikasirika au alihuzunika, maana sikumuuliza.

Niliupanda kando ya ukuta, chini ya mwembe, ili jua lisiuchome. Katika wiki ya kwanza ulipukutisha majani yote. Nililia kama nimefiwa upya. Nikaanza kuumwagilia asubuhi na jioni, na kila baada ya wiki mbili naweka ndoo nzima ya samadi ya kuku shinani. Baada ya miezi mitatu ulichipua, na sasa una matawi marefu yanayotambaa ukutani, yenye majani ya kijani iliyokolea sana, ingawa yale ya chini hugeuka njano na kuanguka. Lakini huu ni mwezi wa 16 na sijaona hata kitumba kimoja. Mama alikuwa na desturi ya kuukata kila mwaka kwa mkasi wake mkubwa. Mkasi huo ninao, ila kila nikiushika naona kama namkata yeye. Naamini nimeuua mti wa mama.

Kosa langu lenyewe ni hili. Dada yangu anaishi Buguruni, magoti yanamsumbua na hasafiri ovyo. Miezi michache baada ya kuuhamisha mti aliniuliza kama umeshika, nikamjibu kwamba umeshika na umeanza kutoa maua. Alhamisi iliyofuata nilipita mjini kwa mama mmoja anayeuza asumini zilizofungwa kwenye jani la mgomba, ambazo huletewa kutoka Unguja, nikanunua, nikampelekea. Ni maua mazuri, manene, yamejaa kama waridi dogo. Dada aliyanusa, akanyamaza kwa muda mrefu, akayaweka kwenye kisahani kando ya kitanda chake. Hakuniuliza kitu. Tangu hapo karibu kila Alhamisi nampelekea, sasa ni mwaka mzima, na kila mara anasema "ahsante mdogo wangu" na kuyaweka palepale.

Bintiye anaolewa mwezi Desemba. Wiki iliyopita dada alinipigia na kusema kwamba alasiri ya kuamkia harusi atakodi gari, aje Goba achume vitumba kwa mkono wake mwenyewe, amtungie mwanawe kama mama alivyomtungia yeye. Tangu siku hiyo silali vizuri. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema, anasema twende kwa wauza miche wa barabarani, tununue mwasumini mkubwa wenye maua, tuung'oe huu na kuupanda ule mahali pake, kwani hakuna atakayejua. Nimwambie dada ukweli sasa na kumharibia furaha ya harusi, au nifuate ushauri wa mume wangu?

Ni mimi,
Mdogo Mtu, Goba

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba ambao naona bado uko nao.

Sikukucheka. Ninavyoielewa barua yako, uliuokoa mti wa mama yako siku ambayo hakuna mwingine aliyekuwepo kuuokoa, ila uliuokoa bila kumshirikisha mtu ambaye mti huo ulikuwa wake kama ulivyokuwa wako. Mti ulipougua ukaona aibu kumwambia, ukaanza kumpelekea maua ya dukani, na sasa Desemba inakuja na ungo wake. Unaniuliza kuhusu mambo mawili, kusema au kubadilisha mti. Kabla ya kuyafikia nitakuomba tuyatazame upya baadhi ya mambo ambayo umeyachukulia kuwa yamekwisha kuamuliwa.

Nianze na hilo la kuuua. Mti uliokufa hautambai ukutani. Kichaka cha miaka 40 kinapochimbuliwa kwa sururu katika nusu saa, sehemu kubwa ya mizizi yake, hasa ile myembamba inayonyonya maji, hubaki shimoni, huku majani yaliyo juu yakiendelea kudai maji kama zamani. Ndiyo maana wenye kazi ya bustani hupunguza matawi siku ileile ya kuhamisha. Wako haukupunguzwa na mtu, kwa hiyo ulijipunguza wenyewe kwa kupukutisha majani, kisha ukatulia miezi mitatu ukitengeneza mizizi mipya, ndipo ukachipua. Ulichokililia katika wiki ile ya kwanza kilikuwa namna ya mti kujiponya.

Kuhusu kukosa maua, naona sababu nyingi zimo ndani ya barua yako yenyewe, na karibu zote zimetokana na huruma. Mwasumini ni mti wa jua. Asili yake ni Asia ya Kusini, na ulifika mwambao wetu kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, ukiwa na jina lake la Kiajemi ambalo sisi tumeligeuza kuwa asumini. Unahitaji walau saa sita za jua kwa siku ili utoe maua vizuri. Kule uani Magomeni, karibu na bomba, nadhani hakuna aliyeukinga na jua kwa miaka yote ile. Sasa umeupeleka chini ya mwembe, ambako si tu kwamba unakosa mwanga, bali pia unagombea maji na chakula na mizizi ya mti mkubwa kuliko wenyewe.

Samadi ya kuku ni kali na ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ndiyo inayojenga majani. Ndoo nzima kila wiki mbili ni karamu isiyokwisha. Yale matawi marefu na kijani kile kilichokolea ni sura ya mti uliolishwa kupita kiasi huku ukitafuta mwanga, na mti wa namna hiyo hupeleka nguvu zake kwenye matawi na majani. Tena isirundikwe shinani, kwa sababu hubana unyevu kwenye gome na kuliozesha. Majani ya chini kuwa njano na kuanguka hunifanya nishuku maji. Chomeka kidole ardhini hadi pingili ya pili, na kama udongo bado una unyevu, usimwagilie siku hiyo, kwani mizizi nayo huhitaji hewa, hasa kama udongo wa kiwanja chako ni ule wa mfinyanzi unaotuamisha maji. Ikiwa maji yenyewe ni ya kisima na yana chumvi, utaona kingo za majani zikiungua na kuwa za kahawia, na hiyo itakuwa habari nyingine.

Mkasi ndio ulionifanya niisome barua yako mara mbili. Asumini hutokea kwenye ncha za machipukizi mapya. Tawi lisilokatwa huendelea kurefuka likiwa na ncha moja, lakini likikatwa hutoa machipukizi mawili au matatu pembeni mwa pale lilipokatwa, na kila chipukizi huja na ncha yake, na kila ncha inaweza kubeba vitumba. Mama yako alilijua hilo, awe alifundishwa na yule jirani wa Pangani au alijionea mwenyewe. Vile vitumba mlivyokuwa mkivichuma Alhamisi vilitokana na mkasi uleule ambao wewe leo unaogopa kuushika. Sisemi haya ili nikuharakishe. Mimi mwenyewe nilikaa na kanga ya mama yangu miaka mitano bila kuifua, nikijua fika kwamba inaliwa na nondo.

Ukiamua kuupogoa, huu ni wakati unaokubalika, kwa kuwa joto linaanza kupanda na mvua za vuli ziko njiani. Unaweza kupunguza theluthi moja ya urefu wa matawi, ukatoa yote yaliyokauka, ukasimamisha samadi kwa muda, na kupunguza matawi ya mwembe upande ule jua linakotokea. Najua kwamba kukata mwembe sasa, wakati vitoto vya maembe vimekwisha kushika, kutazua kelele nyumbani. Kuuhamisha mwasumini mara ya pili ili ufuate jua kunawezekana pia, ila utaivunja tena ile mizizi uliyoisubiri mwaka mzima, na kwa harusi ya Desemba sioni namna ungekusaidia. Hata ukifanya yote haya vizuri, siwezi kukuahidi vitumba siku hiyo. Huenda vikawepo vya kutosha kikuba kimoja, na huenda kusiwe na hata kimoja.

Sasa nije kwa dada yako, na hapa nitakuuliza swali ambalo huenda likakuumiza kidogo. Umeandika kwamba asumini za mama zilikuwa nyembamba, zenye mzunguko mmoja wa petali. Mistari michache baadaye umeandika kwamba zile unazonunua ni nene, zimejaa kama waridi dogo. Mwanangu, hizo ni aina mbili tofauti za asumini, na mwasumini wa aina ya kwanza hauanzi kutoa maua ya aina ya pili kwa sababu umehamia Goba. Mtu aliyetunga asumini za mti mmoja tangu utotoni, ambaye vidole vyake vinajua uzi unapenya wapi kwenye kikonyo, je, kweli amepokea maua hayo kila Alhamisi kwa mwaka mzima bila kutambua? Umesema mara ya kwanza aliyanusa, akanyamaza muda mrefu, na hakuuliza kitu. Wewe ulikuwa na jambo unaloficha, kwa hiyo ukakisoma kimya kile kuwa ameamini. Mimi nikiwa mbali nakisoma vingine, ingawa naweza kukosea. Inawezekana alijua siku ileile, na akaamua kwamba mdogo wake anayemjia kila Alhamisi na jani la mgomba mkononi asiulizwe maswali.

Kama ni hivyo, basi hata ile safari ya Desemba yenye ungo ina maana zaidi ya moja. Inawezekana ni ombi la kawaida la mama anayemwoza mwanawe. Inawezekana pia ni mlango anaokufungulia ili useme mwenyewe, kwa kuwa yeye hataki kukuumbua. Huwezi kujua ni lipi bila kuzungumza naye, na ndiyo maana nasita kukubali kwamba kusema ukweli ni "kumharibia furaha".

Pendekezo la mume wako nalielewa, na usimwone kuwa mtu wa hila. Amemwona mkewe halali na ametafuta njia ya kumlaza. Lakini litazame kwa macho ya bustani kwanza. Mwasumini mpya ukipandwa pale pale, chini ya mwembe uleule, kwa maji yaleyale na samadi ileile, baada ya muda utakuwa kama huu wa sasa. Na ukiwa ni wa zile asumini nene, dada yako atakuwa ameshika kitumba mkononi, mbele yako, alasiri ya kuamkia harusi. Hata asipotambua, utalazimika kuutunza uongo huo pamoja na mti wenyewe kila atakapokuja, na ule wa mama utakuwa umeng'olewa kwa mkono wako mwenyewe, jambo ambalo barua yako yote inalilia lisitokee.

Kusema nako kuna hatari zake, nami sitazipunguza. Ukisema sasa, huenda akakasirika, na hasira hiyo ikabeba mambo ya nyumba ya Magomeni, ya kaka, na ya mirathi, ambayo labda hayakuzungumzwa yakaisha. Ukisubiri harusi ipite, utakuwa umempa utulivu wa miezi mitatu, ila itakubidi utafute sababu ya kumzuia asije Goba siku ile, na sababu hiyo itakuwa uongo mwingine juu ya wa kwanza. Wapo wanaomtanguliza mtu mzima, mama mdogo au shangazi, azungumze kwanza. Mila yetu inalo hilo na mara nyingi husaidia, lakini jiulize kama dada aliyesema "Ungeniambia" atapenda kuambiwa na mtu mwingine kwa mara ya pili.

Neno hilo, kwa kweli, ndilo ningelikaa nalo zaidi kama ningekuwa wewe. Hakusema "ungeniachia" wala "ule ni wangu". Ni kama kwamba hakulalamikia mti, alilalamikia kuachwa nje siku mti unapochimbuliwa. Hujawahi kumuuliza alimaanisha nini, na huenda mazungumzo mnayoyahitaji yanaanzia pale, kabla hata ya kufika kwenye maua ya kununua.

Na lipo jambo kuhusu mti huu ambalo huenda likakupunguzia uzito. Aina hii ya asumini huzaa mbegu kwa nadra sana, kwa hiyo karibu kila mwasumini unaouona katika nyua za mjini ulitokana na tawi la mwasumini mwingine. Ule wa mama yako ulikuwa tawi la Pangani, na wa Pangani bila shaka ulikuwa tawi la mahali pengine. Kipandikizi kikishika hakiwi mtoto wa mti. Ni mti uleule, wenye asumini zilezile nyembamba, katika shimo jingine. Kwa hiyo kile unachoogopa kuwa mmoja wenu atakuwa nacho na mwingine atakosa, kinaweza kukaa Goba na Buguruni kwa wakati mmoja, na kwa binti anayeolewa pia, akitaka.

Vipandikizi vyenyewe vinatokana na yale matawi utakayokuwa umeyakata. Huchukuliwa tawi lililoanza kukomaa lakini halijawa gumu kama kuni, urefu wa sentimita 10 hadi 15, linakatwa chini kidogo ya kifundo, majani ya chini yanaondolewa na mawili ya juu yanabaki. Linachomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, linafunikwa kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, na kuwekwa kivulini pasipo jua kali. Mizizi huhitaji wiki nne hadi sita, na si yote hushika, kwa hiyo watu huchomeka kumi wakitarajia sita. Ukivuta tawi kwa ncha za vidole na ukahisi limekataa kutoka, basi limeshika. Mikono ya dada yako huenda inaijua kazi hii kuliko yangu, kwani alikaa na mama kibarazani miaka mingi, na magoti hayamzuii mtu kukaa kwenye kigoda na kuchomeka matawi kwenye kopo. Sijui kama ungependa kumpelekea matawi hayo Alhamisi moja badala ya jani la mgomba, au kumwomba aje ashike mkasi wewe ukiwa umeshika tawi, au kuyafanya yote peke yako kwanza. Akikataa itakuuma, nawe ndiye unayemjua.

Kuhusu harusi, koja linatungwa hata kwa asumini za Unguja, pamoja na mrehani na vilua, na bibi harusi hunukia vilevile. Mkijua wote wawili zimetoka wapi, hizo zitakuwa asumini za kununua tu, si siri.

Leo jioni, kabla hujaamua lolote, chukua tawi moja lililo karibu na shina na likwaruze kidogo kwa ukucha. Chini ya gome utaona rangi. Kisha niandikie uniambie ni rangi gani, na kama mwembe umesalimika.

Mama Mshauri